Aranka Aliyeliliwa Saa Moja

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa wa Makó na vijiji vya jirani. Ni Jumapili, saa nne na dakika chache. Mnayemsikia ni Tibor Kardos, na leo hakuna aliyepiga simu kunikaripia.

Wengine mnajua ninachosema. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili, nikifika tu katikati ya kipindi, simu ya studio ililia. Fundi mitambo wetu alikuwa hata haniambii ni nani. Ananinyooshea simu tu, huku anacheka. Na sauti inasema, "Wewe Tibor, meza mate kwanza. Unakimbizwa na nani?" Au, "Jina la mji ule halitamkwi hivyo. Mimi nimefika, wewe hujafika. Rekebisha." Nami, mtu mzima na mvi zangu, narekebisha.

Mpiga simu huyo alikuwa Aranka Reiter, fundi wa mito. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka tisini na saba. Narudia kwa mnaojiunga nasi sasa hivi: Aranka Reiter, fundi wa mito na mifarishi ya manyoya ya bata bukini, amefariki Jumanne, nyumbani kwake, kitandani kwake, juu ya mto alioushona mwenyewe. Walitaka afe akiwa na miaka kumi na saba. Akawacheleweshea kwa miaka themanini. Kwa hiyo msinione vibaya nikiitangaza habari hii bila kuangua kilio. Ningelia, yeye mwenyewe angenikatia simu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa mjini tulimwita Aranka Mkubwa. Tulimwita hivyo kwa sababu yupo Aranka Mdogo, mtoto wa dada yake, ambaye ana miaka sabini na minane na bado tunamwita Mdogo. Wale mnaotujua sisi Wayahudi mmeshashtuka. Kwetu mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai. Jina ni la kumrithi marehemu. Wazee wetu husema ukiweka majina mawili yanayofanana katika nyumba moja, Malaika wa Mauti akija kumchukua mmoja atakosea mlango, atambeba mwingine. Basi ilikuwaje familia ya Reiter, watu wa dini, watu wa mila, wakawa na Aranka wawili? Ndiyo habari ya leo. Kaeni kitako, na kama mna chungu jikoni, punguzeni moto.

Juni, mwaka 1944. Aranka ana miaka kumi na saba. Baba yake ana kibanda cha manyoya karibu na soko la vitunguu, na Aranka anajua kazi tayari: anafumba macho, anatia mkono gunia, anasema haya ni ya kifuani, haya ni ya bawa, haya yamechanganywa na ya kuku, mwenye gunia hili ni mwizi. Dada yake, Margit, ameolewa. Mume wa Margit, Dezső, amechukuliwa kwenye kazi za lazima za jeshi. Margit anaishi na mama mkwe wake, Mama Fáni, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

Mwezi huo Wayahudi wote wa Makó walipelekwa kwenye kiwanda cha matofali kule Szeged. Kutoka hapo treni zikaondoka kwa zamu. Baba, mama na Aranka walipakiwa treni ya kwanza. Margit na Mama Fáni walipakiwa treni ya mwisho. Dada mmoja treni ya kwanza, dada mwingine treni ya mwisho. Shikeni hilo, kwa sababu zile treni hazikwenda mahali pamoja. Ile ya mwisho ilikwenda Austria, kwenye kazi ngumu na njaa, lakini wengi wakaishi. Ile ya kwanza ilikwenda Auschwitz.

Baba na mama waliuawa siku ileile waliyofika. Mama alimwambia Aranka, "Nenda na wasichana wenzako, tutaonana jioni." Aranka alinisimulia hayo mara moja tu, hapa hapa studio, maikrofoni ikiwa imezimwa. Alisema, "Mama hakuwa mwongo. Ni mara moja tu alinidanganya, na hakujua kama ananidanganya." Halafu akaomba chai.

Kutoka huko alipelekwa kwenye kiwanda cha mabomu Ujerumani. Na hapo ndipo kinaingia kijiko. Katika kambi, wasikilizaji wapendwa, asiye na kijiko alilamba supu kama paka. Kwenye mashine ya kukata bati palikuwa na mfungwa mmoja Mfaransa, shati lake limechanika mgongoni. Aranka akamshonea lile shati kwa uzi alioutoa kwenye pindo la gauni lake. Yule Mfaransa akamkatia kijiko cha bati. Kijiko chenyewe kilipinda kushoto, na ukizubaa nusu ya supu inakuponyoka. "Lakini nilikula kama binti wa watu," Aranka alisema. Kijiko cha bati, kimepinda kushoto. Na hicho kishikeni.

Majira ya baridi yalipoisha alikuwa Bergen-Belsen, anaumwa homa ya chawa. Mwanamke mmoja wa hapa Makó, fundi wa kofia, alimwona kwa macho yake akibebwa na kulazwa pamoja na maiti. Kwa macho yake! Hakusema uongo yule mama. Kilichotokea ni kwamba mtu mwingine alipita baadaye, akaona mkono unasogea, akamvuta. Nilimwuliza Aranka siku moja alijisikiaje pale. Akanijibu, "Nilikuwa nimelala tu. Watu wa siku hizi hawamwachi mtu alale."

Vita vikaisha. Aranka, mifupa mitupu, akapelekwa hospitali huko Sweden, akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Aliandika barua mbili kwa anwani ya nyumbani kwao. Lakini nyumbani kwao walikuwa wanaishi watu wengine, na barua hizo hazikumfikia mtu yeyote. Sitasema akina nani waliishi mle. Wajukuu zao wananisikiliza, na hawana kosa.

Huku Makó, Margit amerudi. Mama Fáni amerudi. Dezső amerudi. Yule fundi wa kofia naye akarudi, akaja mlangoni, akasema alichokiona. Margit akaketi sakafuni, akavua viatu, akachana ukosi wa gauni lake. Akaomboleza. Na Machi 1946 alipojifungua mtoto wa kike, angempa jina gani jingine? Alimwita Aranka. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa ni Agosti ya mwaka huohuo. Margit yuko uani, anakoroga jemu ya plamu kwenye sufuria kubwa. Mtoto yuko ndani, analia. Margit anapaza sauti bila hata kugeuka: "Aranka! Nyamaza, Aranka, mama anakuja!"

Na kutoka getini sauti ikajibu, "Mbona silii?"

Jamani! Alikuwa amesimama pale, amevaa koti zito la Sweden katikati ya joto la Agosti, maana halikuenea kwenye mzigo. Margit aligeuka na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alimwendea, akampaka jemu usoni, shingoni, nyweleni, akimshikashika aone kama ni mtu. Mama Fáni alitoka jikoni, akatema mate mara tatu, ptu, ptu, ptu, halafu akasema, "Kama wewe ni mzimu, toka. Kama ni Aranka, vua hilo koti, unaniletea joto." Jemu iliungua yote. Aranka Mdogo anasema sufuria ile ilinuka kuungua mpaka siku anaolewa.

Jioni wakala, wakalia, wakacheka. Na Aranka akauliza swali ambalo mji mzima unalijua. "Mliponililia, mlinililia muda gani?"

Margit akainamisha kichwa. "Saa moja."

"Saa moja!"

"Ndiyo sheria, mdogo wangu. Habari ya msiba ikichelewa zaidi ya siku thelathini, dada hukaa matanga saa moja tu."

"Saa moja! Baba alipoibiwa bata bukini alinuna wiki nzima!"

Alilalamikia saa hiyo moja kwa miaka sabini na minane. Akiudhika na mtu, alisema, "Najua, nyinyi mimi mnanipimia saa moja." Alilisema dukani, alilisema kwa daktari wa meno, na mimi alinisema hapa hewani kipindi kilipokatwa kupisha mpira.

Lakini furaha ile haikufika hata wiki mbili. Mtoto akashikwa na homa na kuhara. Mtoto wa miezi mitano, wasikilizaji wapendwa. Daktari alikuwa mmoja, dawa hakuna. Alisema mpeni maji ya mchele, na akaondoka haraka, na Margit alijua daktari akiondoka haraka maana yake nini. Siku ya tatu mtoto hakuwa na nguvu hata za kulia.

Na Mama Fáni, jikoni, alidhani yuko peke yake na mwanawe Dezső. Akasema, "Majina mawili, nyumba moja. Malaika amekuja kumchukua yule mkubwa aliyemkosa kule, na sasa anamshika huyu. Mmoja lazima aende." Aranka alikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya maji. Alisikia kila neno.

Hakugombana. Asubuhi alivaa koti lake la Sweden, akaweka kijiko chake mfukoni, akaenda stesheni kwa miguu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amempata dada mmoja duniani, na sasa anamwacha, ili Malaika akimtafuta amtafute mbali na kitanda cha mtoto. Alinieleza hivi: "Sikuwa na uhakika kama naamini. Lakini ungekuwa wewe, Tibor, ungekaa ujaribu?"



Treni ya Szeged ilikuwa imeshasimama. Aranka mguu mmoja uko ngazini. Mara anasikia anaitwa. Anageuka, anamwona Mama Fáni, bibi wa miaka sabini, anakimbia kwenye changarawe na mtoto kifuani, na nyuma yake Margit, nywele wazi.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Szeged. Halafu popote."

"Nani kakufukuza?"

"Wewe, Mama Fáni. Nimekusikia. Umesema mmoja lazima aende."

"Mimi husema mengi! Tangu lini watu wa nyumba ile wananisikiliza?" Akashika kiuno, anahema. "Shuka. Nimekosea. Nimekaa na mtoto huyu tangu alfajiri ndipo nikakumbuka mama yangu alivyofanya. Mtoto mgonjwa huuzwa. Anauzwa kwa mtu mwenye bahati, awe wake, na bahati ya mnunuzi inamfunika. Malaika akija kwa Margit atakuta Margit hana mtoto. Sasa niambie, Makó nzima, nani ana bahati kuliko wewe?"

Aranka akacheka, cheko la uchungu. "Bahati? Mimi? Mimi, Mama Fáni?"

"Walikulaza na maiti, ukaamka. Tulikulilia, ukatokea getini. Hiyo kama si bahati ni nini, mafua?"

Mkuu wa stesheni akapuliza filimbi. Mama Fáni akamgeukia. "Na wewe subiri! Huoni tunauza mtoto hapa?" Masikini yule, akashusha filimbi, akasubiri.

Margit hakuweza kusema vizuri kwa kilio. Lakini mwenye mtoto ndiye lazima auze, mtu mwingine hawezi. Akasema, "Aranka, nakuuzia binti yangu. Unatoa nini?" Aranka akapapasa mifuko. Hakuwa na kitu duniani ila kijiko. Akakitoa. Margit akakipokea, akamtwaa mtoto kifuani kwa Mama Fáni, akampa.

"Haya," Mama Fáni akasema. "Ni wako. Sasa panda treni kama unaweza kumwacha mwanao."

Treni iliondoka. Aranka alibaki amesimama kwenye changarawe, na koti lake, na mtoto mwenye jina lake.

Homa ilishuka siku ya pili yake. Daktari alisema ni maji ya mchele. Mama Fáni alisema ni kijiko. Mimi ni mtangazaji tu, msiniingize.

Basi, wasikilizaji wapendwa, mtoto akikua na kupona, mila inasema wazazi wanaweza kumkomboa kwa kurudisha kile walicholipwa. Kila Pasaka yetu, mezani, mbele ya watu wote, Margit alisema, "Aranka, nirudishie mtoto wangu." Na Aranka alijibu, "Nirudishie kijiko changu." Na Margit alisema, "Kimepotea." Na Aranka alisema, "Basi mtoto harudi. Leta supu." Kila mwaka. Wageni walidhani wanagombana.

Mwaka hamsini na sita, mpaka wa nchi ulipofunguka, rafiki wa Sweden alimwandikia: njoo, kazi ipo, chumba kipo. Majirani wawili walifunga mizigo, wakamwambia twende. Akawaambia, "Nitaondokaje? Nina mtoto wa kununua." Akabaki. Akashona mito miaka arobaini katika karakana ya ushirika wa mji wetu, na nusu yenu mnaonisikiliza mmelala juu ya kazi yake usiku wa jana.

Juzi nilikaa jikoni kwa Aranka Mdogo. Akaniambia, "Tibor, nimelelewa na mama wawili. Mmoja alinizaa, mmoja alininunua. Nikikosa, wote wawili walinigombeza. Nikitaka peremende, kila mmoja alisema kamwulize mwenzako."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua, na nina ruhusa yake kuwaambia.

Margit alifariki mwaka 1989. Siku zake za mwisho alimwita binti yake karibu. Akamwambia kijiko hakikupotea kamwe. Kimeshonwa ndani ya mto wake, katikati ya manyoya, tangu mwaka 1946. "Usimpe mama yako mdogo," Margit alisema. "Yule alikwenda stesheni mara moja. Akipata kijiko chake ataona kazi yake imekwisha, hana deni, na atakwenda. Mwache atudai." Basi Aranka Mdogo akaurithi ule mto, akaweka siri. Miaka thelathini na mitano aliweka siri.

Jumatatu iliyopita, alasiri, Aranka Mkubwa alikuwa amelala, pumzi fupi, mwili umechoka. Aranka Mdogo akamwonea huruma. Akaona amezuiwa vya kutosha. Akachukua mkasi, akafumua mto, akatoa kijiko, akamwekea mkononi. "Mama mdogo, nisamehe. Kijiko chako hiki hapa. Mama alikificha. Sasa hudaiwi kukaa."

Aranka Mkubwa alikipapasa. Akakuta ule upinde wa kushoto. Akafumbua jicho moja. "Mimi nimeshona mito miaka arobaini," akasema. "Wewe unadhani naujua mto wa manyoya, halafu siujui mto wenye kijiko?"

"Ulijua?"

"Nani alikuwa anafua manyoya ya nyumba hii? Kila baada ya miaka miwili niliufungua mto ule. Nikatoa kijiko, nikafua manyoya, nikayaanika, nikakirudisha kijiko, nikashona. Mama yako alikuwa hajui kushona. Ningekiacha alivyokiweka yeye kingemchoma shingo."

Aranka Mdogo akaanza kulia. Yule mgonjwa akamsukumia kijiko. "Kirudishe. Hukombolewi. Shona vizuri, mishono midogo, nakuangalia."

Akashona. Mishono midogo. Jumanne asubuhi Aranka Mkubwa hakuamka, na kijiko kilikuwa kimesharudi ndani ya mto.

Tulimzika Alhamisi. Wanaume kumi wanaotakiwa kwa sala ya mazishi hatukutimia, hatutimii siku hizi, tukaazima wanne kutoka Szeged. Baada ya mazishi Aranka Mdogo alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye kigoda kama afiwaye. Mmoja wa wale wa Szeged, mtu mwema, msomi, akamwinamia kwa upole. Akamwambia, "Mama, usijitese. Sheria haimlazimu mtu kukaa matanga kwa mama yake mdogo. Siku saba ni za mtoto kwa mzazi."

Akamjibu, "Mimi nilinunuliwa, na aliyeninunua amekataa kunirudisha. Saa moja alishapewa, mwaka arobaini na tano. Hizi siku saba ni zake."

Yule msomi akavuta kiti, akakaa naye.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Aranka Mdogo, kwa wanawe na wajukuu zake, na kwa wote waliowahi kukaripiwa na marehemu, yaani mji mzima. Na leo mkiketi mezani, angalieni nani aliyekaa karibu nanyi, na jiulizeni ni nani aliyemzuia asipande treni. Kama bado yu hai, mpigieni simu.

Aranka Mdogo anakaa matanga mpaka Jumatano, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya soko la vitunguu. Mlango hauna komeo. Nendeni na mayai ya kuchemsha na mkate. Nendeni mkakae kwa kituo, na tafadhali, mtu asitazame saa.